Ndiva na Intellipedia: Ujasusi kwenye Kurasa za Pamoja

Kanuni kongwe ya ujasusi, yaani kazi ya kukusanya na kuchambua habari za siri kwa ajili ya usalama wa nchi, ni kwamba habari hupewa yule tu ambaye kazi yake inamlazimu kuijua. Kanuni hiyo humlinda mtoa habari, lakini huweza pia kuziacha idara mbili zikiwa na vipande viwili vya jambo moja, bila hata moja kuliona zima. Kasoro hiyo ilitajwa mwaka 2004 na tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, yaliyofanywa na al-Qaida, kundi lilelile lililokwisha kulipua balozi za nchi hiyo Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998.

Jibu mojawapo la idara za ujasusi za Marekani lilikuwa Intellipedia, iliyotangazwa rasmi Aprili 2006. Hiyo ni wiki, neno la Kihawai lenye maana ya haraka (lisichanganywe na siku saba), yaani tovuti ambayo wasomaji wake ndio waandishi na wasahihishaji wake. Inatumia programu ileile inayoendesha Wikipedia, ila imegawanywa katika mitandao mitatu kulingana na daraja la siri, na kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya.

Mkulima wa Kighare au kwingineko katika milima ya Upare hataona ajabu katika utaratibu huo. Ndiva, bwawa dogo la umwagiliaji, huachwa lijae maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi tundu lake huzibuliwa ili maji yashuke kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Tope lake huzolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na anayezibua nje ya zamu yake hujulikana. Mfano huu una mpaka wake, kwani maji yaliyopotea leo hurudi kesho, lakini siri iliyovuja hairudi. Mwaka 2010 nyaraka za kibalozi zaidi ya 250,000 zilitolewa kutoka kwenye mtandao wa siri wa serikali ya Marekani, na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo ikaiondoa hazina yake ya nyaraka kwenye mtandao huo.

Hata hivyo, uvujaji si tatizo pekee, na pengine si kubwa kuliko yote. Ukurasa wa Intellipedia haukuchukua nafasi ya taarifa rasmi yenye nembo ya idara, hivyo mchambuzi aliyeandika huko alibaki na taarifa ya pili ya kuandika, ambayo ndiyo iliyompatia sifa kwa wakuu wake.

Kwa Afrika, ambako Kamati ya Idara za Ujasusi na Usalama (CISSA) iliundwa Abuja mwaka 2004 na kuweka makao yake Addis Ababa, ugumu unaongezeka kwa sababu wanaogawana habari ni mataifa. Ofisa wa Dar es Salaam anayetakiwa kuandika kwenye ukurasa unaosomwa Kampala na Nairobi atauliza kwanza ni nani anayeshika kizibo.