Ndama, Hadubini na Saratani

Mzazi wa kwetu anapompeleka mwanawe Kabete au Morogoro kusomea utabibu wa wanyama, aghalabu humwona tayari, katika fikira zake, amevaa mabuti akizunguka mazizini mwa watu na bomba la sindano mkononi; kwamba kijana yule aweza kuishia maabara akichunguza maradhi ya wanadamu ni jambo lisilompitikia kabisa, wala, la kusikitisha zaidi, haliwapitikii baadhi ya walimu wake.

Hebu tumtazame ndama mwenye ndigana kali. Mwanafunzi humpapasa chini ya sikio, akakuta mtoki umevimba, akadunga sindano, akapaka tone la majimaji juu ya kioo na kulitia rangi, kisha akainamia hadubini. Humo huziona chembe nyeupe zimebeba ndani yake kimelea kiletwacho na kupe, kiitwacho Theileria parva kwa jina la Arnold Theiler, tabibu wa wanyama wa Afrika ya Kusini. Mtihani humtaka ataje ugonjwa na dawa yake, naye hutaja, akapewa alama zake, akaenda zake. Walakini ajabu yenyewe haijaguswa: chembe zile zimeghilibiwa na kimelea hata zinazaana pasi na kikomo, mfano wa chembe za saratani, na kila chembe igawanyikapo, kimelea nacho hugawanyika pamoja nayo, kikapata makao pande zote mbili, na pindi kiuawapo kwa dawa, chembe huuacha uasi wake. Ni tabibu gani wa binadamu asiyetamani kuijua siri ya uasi unaotulizika namna hiyo?

Wala njia hii ya kutoka utabibu wa wanyama hadi utafiti si ngeni. Peter Doherty, aliyehitimu utabibu wa wanyama huko Queensland, Australia, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996 kwa kubainisha jinsi kinga ya mwili inavyozitambua chembe zilizoingiwa na virusi; na hapa kwetu Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright, wa fani hiyo hiyo, alitengeneza na wenzake chanjo ya sotoka, maradhi ambayo mwaka 2011 yalitangazwa kuwa yametokomezwa duniani.

Kwa rai yangu, upungufu unaowazuia wanafunzi wetu kuifuata njia hiyo haumo katika mihadhara, ambayo imekwisha kuwajaa vijana hawa pomoni. Mwanafunzi apewe mapema, tuseme mwaka wa pili, suala moja lisilo na jawabu kitabuni, na likizo ndefu ya kulihangaikia chini ya mtafiti mzoefu. Aonje jaribio kumharibikia, ajifunze takwimu kwa kuwa anazihitaji, aandike daftari ambalo mwingine akilisoma ataweza kuirudia kazi yake hatua kwa hatua.

Tena alipwe posho. Nalisema bila ya haya, maadamu kijana ambaye wadogo zake wanamtazamia kwa ada ya shule hatakaa maabara bure likizo nzima, ilhali mwenye duka la dawa za mifugo amekwisha kumwahidi ujira tangu Jumatatu.