Deni Lililo Chini ya Nyumba



Leo nitazungumzia shimo. Kijiji cha Combe Down, karibu na mji wa Bath, Uingereza, kiko juu ya machimbo ya mawe ya chokaa. Katika karne ya 18 Ralph Allen alichimba huko mawe yaliyojenga Bath. Nguzo za mwamba ziliachwa zishike dari, lakini nazo zikachongwa ili yapatikane mawe zaidi. Kisha wachimbaji wakaondoka. Nyumba zikajengwa juu, na mahali pengine mwamba uliobaki ulikuwa mita 2 tu.

Kazi ya kukiokoa kijiji ilianza mwaka 2005, ikamalizika 2010. Mafundi walitengeneza kwanza njia salama chini, ndipo wakasukuma kwa mabomba zege jepesi lenye mapovu, likaenea hadi pembeni na kushika dari. Zilitumika kama mita za ujazo 600,000. Hata popo waliachiwa vyumba vyao.

Aliyelipa ni nani? Si aliyeuza mawe. Ni fedha za umma, zaidi ya miaka 200 baadaye.

Vijana, faili la mgodi litakapofika mezani kwenu, msitie sahihi kabla ya kuuliza: ramani ya mashimo iko wapi, na fedha za kuyafukia zimewekwa wapi? Sisi wa rika langu mara nyingi tuliuliza tu zitatoka tani ngapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wa Combe Down waliujenga gizani.