Sauti ya R na Swali la Kiingereza "Sahihi": Mada kwa Walimu wa Lugha



1. Utangulizi

Mwanafunzi akisimama darasani na kusoma neno "card" kwa kuikaza r, hakosekani mwalimu wa kumsahihisha: "Sema kaad." Jioni mwanafunzi huyohuyo anatazama filamu ya Kimarekani na kuisikia r ileile aliyokatazwa asubuhi, tena inatamkwa na rais wa nchi, hakimu na daktari. Amwamini nani?

Mada hii inajibu swali hilo kwa kurudi kwenye historia. Hoja yangu ni moja. Kinachoitwa matamshi sahihi ya Kiingereza ni uamuzi wa jamii fulani katika wakati fulani, na uamuzi huo umegeuzwa mara nyingi. Mwalimu anayelijua hilo husahihisha yanayostahili kusahihishwa, na mengine huyaacha yapite.

2. Tahajia iliganda, sauti ikaendelea

Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, karibu irabu zote ndefu za Kiingereza zilihama. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina lililozoeleka, Mhamo Mkuu wa Irabu. Kabla ya hapo "name" lilitamkwa "naame", e ya mwisho ikisikika; "time" lilikuwa "tiime" na "house" lilikuwa "huus". William Caxton alifungua mtambo wake wa uchapaji pale Westminster mwaka 1476, wakati mhamo ukiendelea. Wachapaji wakazishika tahajia za zamani, na vinywa vya watu vikaenda njia yake.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anayesoma "na-me" na "ti-me" kwa kufuata herufi za Kiswahili hasomi upuuzi. Anakaribia sana namna mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alivyoyatamka maneno hayo. Tutamsahihisha, maana Kiingereza cha leo hakisemwi hivyo, lakini hastahili kuchekwa.

Tena mhamo huo haukufika kila mahali. Huko Scotland na kaskazini ya mbali ya Uingereza wapo wanaosema "huus" hadi leo. Hao wameendelea kutumia sauti ambayo London iliiacha.

3. Kisa cha r

Mfano ulio wazi kuliko yote ni r inayofuata irabu, kama katika "car", "card" na "floor". Zama za Shakespeare r hiyo ilitamkwa. Walowezi waliofika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 walivuka bahari nayo. Katika karne ya 18 ikaanza kufifia kusini mashariki ya Uingereza. John Walker, mwigizaji aliyegeuka mwalimu wa usemaji, alichapisha kamusi ya matamshi mwaka 1791, na humo alieleza kwamba London r imelegea hata imebaki kuwa urefu wa irabu tu. Miongoni mwa mifano yake lilikuwamo neno "card", na sauti yake aliiandika "caad".

Desturi hiyo ya London ilivuka Atlantiki kupitia bandari na biashara. Boston, New York na sehemu kubwa ya majimbo ya kusini wakaiacha r. Philadelphia ilibaki nayo. Milima ya Appalachia nayo ilibaki nayo, kwa kuwa wengi wa wakazi wake walitoka kaskazini ya Ireland, ambako r haikuwahi kupotea. Nyumbani Uingereza kwenyewe, Devon, Cornwall, Somerset na vijiji vya Lancashire waliendelea kuitamka. Utafiti wa lahaja ulioongozwa na Harold Orton kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, uliofika maeneo 313 kati ya miaka ya 1950 na 1961, uliikuta r hai katika vinywa vya wazee wa mashambani.

Heshima ya r nayo imegeuka. Kwa muda mrefu kuiacha ilikuwa alama ya usomi mjini New York. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizani ikapinduka: Mmarekani aliyetaka kuonekana mtu wa hadhi akaanza kuitamka. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alilipima jambo hili kwa njia nyepesi sana. Aliingia katika maduka makubwa matatu ya mji huo: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati na Klein la wenye kipato kidogo. Alimwuliza mfanyakazi mahali pa bidhaa aliyojua kabisa kuwa iko ghorofa ya nne, ili ajibiwe "fourth floor", maneno mawili yenye r mbili. Kisha alijifanya hakusikia, ili mfanyakazi arudie kwa uangalifu zaidi. Waliotamka r, angalau mara moja, walikuwa asilimia 62 pale Saks, asilimia 51 pale Macy's na asilimia 21 pale Klein. Kumbuka kwamba waliopimwa wote walikuwa wafanyakazi wa duka. Sauti yao ilifuata hadhi ya wateja waliowahudumia.

Basi sauti ileile ilihesabiwa ushamba London na utukufu New York, ndani ya karne hiyohiyo moja. Sauti yenyewe haina kosa wala fahari. Jamii ndiyo inayoivika.

4. Irabu ya "bath"

Kisa cha pili nitakipitia kwa ufupi. Mtu wa London husema "baath" kwa a ndefu. Mtu wa Leeds au Manchester husema kwa a fupi, na Mmarekani naye yuko upande wa ufupi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba a ndefu ndiyo ya kistaarabu. Walker, katika kamusi ileile ya 1791, aliona kwamba kuirefusha a katika maneno ya namna hii kunakaribia usemi wa watu wa chini. Haikupita muda mrefu, usemi huo wa chini ukawa ndio usemi wa wakubwa.

5. Nani aliipa London rungu?

Lafudhi tuliyoirithi mashuleni ina wazazi wanaojulikana. Daniel Jones wa University College London alichapisha kamusi yake ya matamshi mwaka 1917. Kipimo chake kilikuwa usemi wa familia za kusini ya Uingereza zilizowapeleka vijana wao katika shule kubwa za bweni za kulipia. Mwaka 1926 shirika la BBC likaunda kamati ya kuwashauri watangazaji juu ya matamshi, chini ya mshairi Robert Bridges. Baadaye iliongozwa na George Bernard Shaw. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, aliposoma habari za taifa kwa lafudhi ya kwao, wasikilizaji wengi walilalamika. Mwaka 1974 mwanaisimu Peter Trudgill alikadiria kwamba wenye lafudhi hiyo ya kamusi ni kama asilimia 3 tu ya Waingereza. Kwa maneno mengine, Waingereza 97 kati ya 100 wangesahihishwa katika madarasa yetu.

6. Ushahidi ulioko ndani ya Kiswahili

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu juu ya Kiingereza gani kilitufikia. Tazama maneno haya: kadi, shati, baa, bia, motokaa. Yote yametoka kwenye maneno ya Kiingereza yenye r katika maandishi, na r hiyo haimo. Mtu anaweza kusema kwamba Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kufuatana, kwa hiyo kiliitupa chenyewe. Jibu liko katika maneno ya asili nyingine. Kiarabu kilitupa "sharti", na r yake imebaki palepale; Kiingereza kilitupa "shati".

Kuna mfano wenye nguvu zaidi. Wagiriki wa kale walikuwa na neno lililotaja karatasi ya mafunjo. Kupitia Kiarabu likatufikia kama "karatasi". Kupitia Kireno likatufikia kama "karata". Kupitia Kiingereza likatufikia kama "kadi". Neno la asili ni moja, na limeingia katika lugha yetu mara tatu. Waarabu na Wareno waliitamka r, nasi tukaipokea, tukaiwekea irabu ya kuisaidia. Waingereza waliotutawala hawakuitamka, na tusichokisikia hatukukipokea. Hii ndiyo "caad" ya Walker, imehifadhiwa katika kadi ya mwaliko wa harusi. Hata maneno mapya kama "kompyuta" na "intaneti" yamefuata mkondo huo, ingawa teknolojia yenyewe imetoka zaidi Marekani, kwa sababu Kiingereza cha shule zetu tayari kilikuwa kimeacha r.

7. Mapendekezo

Kwanza, kutamka au kutotamka r baada ya irabu kusihesabiwe kosa, darasani wala katika mtihani wa mazungumzo. Zote mbili zina mamilioni ya wasemaji na karne za historia nyuma yake.

Pili, nguvu zetu ziende kwenye yale yanayopoteza maana. Wengi wetu hutamka "bad", "bud", "bird" na "bard" kwa a moja, na "ship" na "sheep" kwa i moja. Wanafunzi ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l huchanganya "collect" na "correct". Hapo msikilizaji hupotea kweli, na hapo ndipo mazoezi yanahitajika, kwa upole na kwa kurudiarudia.

Tatu, wanafunzi wasikilizishwe sauti nyingi: za Edinburgh, Leeds, Lagos, Nairobi na Atlanta. Kijana atakayefanya kazi bandarini, hotelini au kwenye simu na wateja wa nje hatachagua lafudhi ya anayezungumza naye.

Nne, kichekesho cha lafudhi kikome darasani. Mtoto aliyechekwa kwa sababu ya sauti hufunga mdomo, na lugha haijifunzwi kwa mdomo uliofungwa.

8. Hitimisho

Kiingereza kilisambaa duniani kikiwa na sauti nyingi, na kila mahali kilipofika watu walishika sauti fulani na kuacha nyingine. Lafudhi ya Afrika Mashariki ina mfumo wake na historia inayoelezeka, kama ilivyo ya Yorkshire au ya Boston. Mwanafunzi wetu anastahili kufundishwa aeleweke na aelewe. Kazi hiyo ni kubwa vya kutosha, na tukiifanya vizuri tutakuwa tumemfundisha Kiingereza.