Merikebu Ukutani



Leo tunatazama picha. Imo katika Ngome ya Yesu, kule Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaipa jina la Mwokozi wetu, kisha wakapanga mizinga juu yake. (Jina zuri, matumizi mabaya.) Ndani, kwenye lipu ya ukuta, watu wa karne ya 17 walichora merikebu za matanga, samaki na watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Yadhaniwa walikuwa askari wa zamu au mabaharia. Majina yao hatunayo.

Lakini juu ya lango lipo jiwe la mwaka 1639. Mkuu wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, ametajwa humo kwa jina na hata kwa umri, na miji ya pwani aliyoiadhibu imeorodheshwa kama sifa zake.

Jiwe lasema: tumeshinda. Makaa je? Wako waionao merikebu ile kuwa majivuno ya mkoloni, na huenda yamo. Bali kwa mtu aliyekesha ukutani, kwao mbali ng'ambo ya bahari, merikebu ilikuwa chakula, barua, na njia ya kurudi nyumbani. Hatumwondolei hatia, bunduki aliishika yeye. Ila sifa zilikwenda langoni. Waomani walipoiteka ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili, maradhi yalikuwa yamewamaliza wengi waliokuwamo, Wareno na Waswahili pamoja.

Mbona tunawaletea habari za Mombasa? Kwa sababu jioni hii wanaume watatoka Kawangware kwa miguu, waende Lavington na rungu na koti zito. Wengine watoke Kibera kwenda Kilimani. Watalinda nyumba wasizopata kuingia. Katika vibanda vya langoni tumeona michoro yao ya makaa: basi la kwenda kwao, ng'ombe, jina la mtoto. Mwenye nyumba humwita "soja" tu, mwaka wa sita huu.

Mtunzi wa Zaburi ya 130, alipotafuta mfano wa nafsi imngojayo Mungu, hakumchukua mfalme wala jemadari. Alimchukua mlinzi angojaye asubuhi.

Basi, ndugu wazee wa kanisa: mlinzi wa kanisa lenu anaitwa nani? Na mshahara wake wa mwezi uliopita ameupata?