Kabla ya Kuchagua Shahada ya Umahiri

Msikilizaji wa Kihanga na Karagwe yote, umemaliza shahada ya kwanza na unatamani sayansi ya utambuzi: namna akili inavyojifunza, inavyokumbuka na inavyotumia lugha. Sikiliza. Usianze na jina la chuo. Anza na swali lako, kisha mtafute msimamizi.

Mathalani, mtoto anayezungumza Kinyambo nyumbani, anajifunzaje kusoma Kiswahili darasani? Swali hilo ni la isimu na saikolojia kwa pamoja. Na lugha yetu ya Kinyambo si ndogo kwa wasomi: mwaka 1993 mwanaisimu Josephat Rugemalira aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu vitenzi vya Kinyambo, huko Berkeley, Marekani.

Kwa hiyo usikate tamaa kozi ikiwa na jina jingine. Angalia isimu, saikolojia, hata kompyuta. Soma maandishi ya wahadhiri. Mwandikie mmoja barua pepe fupi, umweleze swali lako. Muulize: unapokea wanafunzi? Ada nani analipa?

Ukipata chuo, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwamba kinatambuliwa, cha nje pia. Fanya hivyo kabla hujalipa chochote. Narudia: swali kwanza, msimamizi pili, chuo baadaye.