Mlima wa Kila Asubuhi

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Afya ya Mwili, Somo la 9. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wayasome darasani baada ya kusikiliza.)

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu anasikia vizuri, na kwamba ipo saa mezani, au simu yenye saa. Tutaihitaji baadaye.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya chumvi. Tulisema kwamba mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya baiskeli na mlima. Huenda mtu akacheka na kusema, "Baiskeli nayo ina somo gani? Tumeiona tangu utoto." Ngojeni kidogo.

Mimi nakaa Ipogolo. Wenye kuijua Iringa wanapajua. Ipogolo iko bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo, pale inapopita barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Mji wenyewe uko juu kilimani, na ofisi yangu iko huko mjini. Tangu mlangoni kwangu hadi ofisini ni kama kilomita 3, na karibu zote ni za kupanda.

Kwa miaka sita nilipanda daladala au bajaji. Nikifika ofisini, naketi. Mchana kutwa naketi. Jioni napanda gari tena, nafika nyumbani, naketi kusahihisha kazi. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka 34, nilikwenda zahanati kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Muuguzi akanipima shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha. Akapima mara ya pili. Akaandika 148 juu ya 94. Akaniambia nirudi baada ya wiki moja. Nikarudi, na hali ilikuwa ile ile. Akasema, "Dada, ikifika 140 juu ya 90 na kubaki hapo, hiyo imepanda."

Ndugu zangu, siyo namba zilizonitisha. Nilimkumbuka baba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipokuwa na umri wa miaka 51 alipatwa na kiharusi, na upande wake wa kulia ukapooza. Ni yeye aliyenifundisha kuandika jina langu kwa kijiti mchangani, kabla sijaingia shule. Baada ya kiharusi hakuweza tena kushika kalamu. Mpaka anafariki, alitia sahihi yake kwa dole gumba, yeye aliyejua kusoma na kuandika. Ninyi mnaojifunza kuandika mnaelewa uchungu wa jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Muuguzi akanishauri mambo mawili: kupunguza chumvi, na kuutumikisha mwili kila siku. Nikamjibu kwamba sina nafasi. Akaniuliza, "Kazini unakwendaje?" Nikanyamaza.

Nyumbani kulikuwa na baiskeli ya kaka yangu, Phoenix ya zamani isiyo na giya, imelala stoo chini ya magunia. Nikaipeleka kwa fundi. Akabadilisha mipira ya breki, akatia mafuta katika mnyororo, akajaza upepo, akapandisha kiti. Alinieleza kwamba kiti kikiwa chini sana, magoti huumia na nguvu hupotea. Kanyagio likiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka, lakini usinyooke kabisa.

Siku ya kwanza nilianza kwa kasi pale bondeni, kama mtu anayekimbilia basi. Sikumaliza hata mita 200. Moyo ulinipiga kama ngoma na miguu ikatetemeka. Nikashuka, nikaisukuma baiskeli. Watoto wa shule wakanipita kwa miguu, wakisema "Shikamoo mwalimu," huku wanacheka. Nilifika ofisini nimechelewa, nimelowa jasho, na nimenuna. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo.

Siku ya tatu, nilipokuwa nimesimama kando ya barabara nikihema, alinifikia mzee mmoja auzaye maziwa. Amezidi miaka 60, na baiskeli yake ilikuwa na madumu mawili nyuma. Alikuwa mwanafunzi katika darasa letu la kisomo.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unagombana na mlima?"

Akashuka, tukasukuma pamoja. Njiani akanifundisha mambo matatu, nami nayarudia kwenu kama alivyoniambia.

La kwanza: anza polepole. Pale bondeni, mahali penye nafuu, ndipo pa kuweka akiba ya pumzi. Anayeanza mbio hulipa katikati.

La pili: jiwekee alama. Chagua nguzo moja ya umeme. Panda mpaka hapo, kisha shuka kabla pumzi haijakuishia, sukuma kidogo, halafu panda tena. Wiki ijayo ongeza nguzo moja. Kusukuma si aibu.

La tatu: sema na mwenzako. Ukiweza kusema maneno machache, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa kusema hata neno, punguza mwendo au shuka.

Darasani mimi ndiye niliyemsahihisha mzee huyu. Mlimani yeye ndiye aliyenisahihisha. Nilifuata maneno yake. Wiki ya kwanza nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda. Wiki ya nne nilipanda nusu ya mlima. Wiki ya kumi nilifika juu bila kushusha mguu, na siku hiyo hapakuwa na mtu wa kunipigia makofi, ila mimi nilicheka peke yangu barabarani.

Sasa tufanye kazi kidogo. Kila mmoja aweke vidole viwili, siyo dole gumba, juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa dole gumba. Tafuta pale panapopiga. Mwalimu wa darasa atatazama saa na kusema "Anzeni." Baada ya nusu dakika atasema "Basi." Hesabu mapigo, kisha zidisha kwa 2. Andika jibu katika daftari.

(Hapa mwalimu asimamishe somo kwa dakika tatu.)

Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wangu ulikuwa unapiga mara 86. Baada ya miezi mitano ulipiga mara 72. Kwa nini?

Moyo ni msuli, kama ulivyo msuli wa mguu. Unapopanda mlima, miguu hufanya kazi kubwa na kudai damu nyingi. Moyo hulazimika kupiga kwa haraka na kwa nguvu ili kuipeleka. Mapafu nayo huvuta hewa zaidi. Ukifanya hivyo siku nyingi, moyo hupata nguvu. Pigo moja husukuma damu nyingi kuliko zamani, kwa hiyo unapotulia hauna haja ya kupiga mara nyingi. Mishipa ya damu nayo hulainika, na damu hupita bila kusukumwa mno. Na misuli ya miguu huchukua sukari iliyomo katika damu na kuitumia kama mkaa unavyotumika jikoni.

Ndiyo maana mlima mfupi una thamani. Kilomita 3 za tambarare kwa baiskeli huisha upesi, na mwili haujapata kazi kubwa. Kilomita 3 za kupanda huutumikisha mwili sana kwa muda mfupi.

Labda mtu atasema, "Hayo ni yako wewe peke yako." Basi sikilizeni habari ya London. Huko mabasi ya mjini yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi mchana kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kila siku, akitoza nauli juu na chini. Watu hawa walifanya kazi katika gari moja, wakapita barabara zile zile. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Wakatazama pia wafanyakazi wa posta. Waliogawa barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani walioketi. Wale makondakta hawakwenda uwanjani kucheza. Mazoezi yao yalikuwamo ndani ya kazi. Dokta Morris mwenyewe aliishi miaka 99, akafariki mwaka 2009.

Sasa hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Au, kama ni mazoezi mazito, dakika 75 au zaidi. Kupanda mlima kwa baiskeli ni kazi nzito. Mimi hutumia dakika 20 kupanda, siku 5 kwa wiki. Andikeni: 20 mara 5 ni 100. Kwa hiyo nimetimiza, tena nimezidisha dakika 25. Kushuka jioni sikuhesabu, maana miguu hupumzika. Nilipokuwa nangoja daladala, mara nyingi dakika hizo 20 zilipotea kituoni.

Lakini msidhani kushuka ni mchezo. Wazee walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kabla ya kushuka, kaza breki zote mbili usukume baiskeli mbele. Ikienda, usiipande. Ukiwa njiani, funga breki kidogo kidogo tangu mwanzo, usingoje mpaka mwendo umekushinda. Usivute breki ya mbele ghafula peke yake, itakurusha. Mvua ikinyesha, breki hushika kwa shida, basi shuka utembee. Kaa upande wa kushoto, na jihadhari na mabasi na malori. Usipande kwa kuzungukazunguka barabarani kama nyoka ili kuukwepa ukali wa mlima, maana gari lililo nyuma halijui utageukia wapi. Giza likiingia, washa taa. Mwenye gauni refu au kitenge akikunje vizuri, kisiingie katika mnyororo. Mimi huvaa suruali chini ya gauni, na watu walionitazama mwanzoni sasa wamezoea.

Na jambo jingine. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuzimia, au mwenye ugonjwa wa moyo, amwone daktari kwanza, ndipo aanze. Na mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu amenunua baiskeli. Mimi nilipopimwa baada ya miezi mitano, ilikuwa 136 juu ya 86. Nilifurahi, lakini nilikuwa nimepunguza chumvi pia, na mpaka leo narudi kupimwa. Presha iliyopanda mara nyingi haina maumivu yoyote, kwa hiyo mtu hawezi kuijua kwa kujisikia vizuri.

Mama mmoja wa darasani aliniuliza, "Mwalimu, mimi nalima tangu alfajiri hadi saa sita. Nami nitafute mlima?" Nikamjibu, hapana mama, jembe lako ni mlima wako. Mwili wako unataka chakula na mapumziko. Somo hili ni letu sisi tunaoketi: karani, mwenye duka, fundi cherehani, dereva, na kijana wa bodaboda ambaye husafiri mchana kutwa lakini hatembei.

Asiye na baiskeli ana miguu. Ashuke kwenye daladala kituo kimoja kabla ya kwake, apande kilichobaki kwa miguu, kwa haraka. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1973 wazee wetu nchini Tanzania walikusanyika kando ya redio kama ninyi leo, kusikiliza masomo ya kampeni ya "Mtu ni Afya." Waliposikia, waliinuka wakachimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba. Hawakusikiliza tu. Nami naomba kesho asubuhi kila anayeketi kazini achague nguzo yake moja.

Yule mzee wa maziwa bado hunipita. Sasa hunipita kwa shida kidogo. Mwezi uliopita alinionyesha daftari lake, ameandika mstari mmoja kwa mkono wake: jina lake na la mji wake. Nikatazama ule mkono unavyoshika kalamu, nikamkumbuka baba. Tuitunze mikono hii.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Shinikizo la damu: nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, presha.
Kiharusi: ugonjwa unaotokea damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa wa ubongo ukipasuka.
Mapigo: idadi ya mara moyo unavyopiga kwa dakika moja.
Kupooza: kiungo cha mwili kupoteza nguvu, kisiweze kufanya kazi.

MASWALI

1. Mzee wa maziwa alimfundisha mwalimu mambo gani matatu?
2. Kwa nini makondakta wa London walikuwa na nafuu kuliko madereva?
3. Mtu hutumia dakika 15 kupanda mlima kwa baiskeli, siku 6 kwa wiki. Jumla ni dakika ngapi? Je, amefikia dakika 75?
4. Eleza namna ya kukagua breki kabla ya kushuka mlima.
5. Jadilianeni: katika darasa letu, nani huketi mchana kutwa, na anaweza kupata wapi mlima wake?