Kopo la Kipande

(Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Suna)



Leo tulipanga kuongea habari ya mbuzi wa maziwa. Mtupe nafasi kidogo kwanza, kuna jambo tumeliona shuleni na linatuhusu.

Mzazi mmoja alituletea malalamiko kwamba mwalimu wa gredi ya 8 anapoteza wakati, eti watoto wanatembea na makopo shingoni kama ng'ombe wenye kengele. Tukaenda kuona. Kumbe walikuwa wanasoma ubaguzi wa rangi wa wakati wa ukoloni, na badala ya kunakili ubaoni walipewa mradi. Kila mtoto atafute kopo tupu na kamba, atie ndani karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na maoni ya mwajiri.

Hicho ndicho kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanaume Mwafrika akifika miaka 16 lazima awe nacho. Mzungu hakuvaa, Mhindi hakuvaa. Ukiacha kazi kabla bwana hajatia sahihi, umevunja sheria. Wazee wetu wa Nyanza walikipinga katika mkutano wa Lundha, Desemba 1921, ule wa Piny Owacho. Hata hivyo, watu wa rangi zote walikuja kuandikishwa kwa sheria moja mwaka 1947 tu.

Basi kwa siku 2 watoto walivaa. Hakuna kwenda chooni wala kunywa maji bila kuonyesha kopo. Wanne hawakuvaa, wao walikuwa wakaguzi. Halafu kila mmoja akaandika aliyojifunza.

Msichana mmoja aliandika kwamba siku ya kwanza walicheka, siku ya pili akaacha kunywa maji ili asiombe ruhusa. Mvulana aliyekuwa mkaguzi aliandika hivi: "Nilifurahia kuwakataza. Rafiki yangu nilimwandikia mvivu na yeye si mvivu. Mpaka leo hanisemeshi." Huyo tunaona alielewa kuliko wote.

Wa tatu alikuwa ametumwa kwa babu yake. Mzee alimweleza kwa uchungu jinsi baba yake, mtu mzima mwenye watoto, alivyokuwa akiitwa boi. Wakiwa hapo jirani akapita, babu akasema, huyo ni jadak tu. Mtoto akauliza, "Babu, na hiyo ni tofauti gani?" Mzee akanyamaza.

Sisi pia tulinyamaza tuliposoma. Si kwamba mambo haya ni sawasawa, hapana. Ubaguzi wa wakoloni ulikuwa na polisi, mahakama na ardhi. Ulimzuia Mwafrika hata kupanda kahawa, mpaka miaka ya 1930 ndipo sehemu chache kama Kisii zikaruhusiwa. Jadak halina sheria nyuma yake. Lakini lile neno "mvivu" liliandikwa kabla mtu hajajulikana, na sisi hapa Suna, Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Waluhya, Wakisii, tunaandikiana hivyo kila siku.

Kuna kikundi kimoja, hatutakitaja. Mama mmoja alilipa mchango miaka 6 bila kukosa hata mwezi. Siku ya kuchagua mweka hazina, jina lake likatajwa, mtu akasema wa kuja hawezi kushika sanduku. Basi, yakaisha hapo. Sisi wafanyakazi wa parokia tulikuwepo. Hatukusema neno. Tuliandika kwenye kumbukumbu kwamba uchaguzi ulifanyika vizuri.

Mwezi ujao watoto hao watapita kwenu na madaftari yao. Swali lao ni moja: nani katika kikundi hajawahi kuchaguliwa, na kwa nini? Tafadhali msiwafukuze, na msiwajibu kwa mzaha. Na yule mama tumekwenda kwake wiki iliyopita kumwomba msamaha. Alitukaribisha chai. Kikundini bado hajarudi.

Haya, sasa tuje kwa mbuzi.